Mbuzi wa Mwalimu Njeru

Tulimzika Mwalimu Njeru kwao Runyenjes, kwenye mteremko unaotazama mashamba ya majani chai, na kabla sahani yangu haijajaa wali na kabeji nilikuwa nimeshasikia sababu nne za kifo chake. Foleni ya chakula cha matanga ndiyo mahakama kubwa kuliko zote nchini. Mama mmoja mwenye kitambaa cha kanisa alisema ni sukari iliyomuua. Mwenzake akasema sukari haiendi mbio hivyo, ni hospitali iliyomrudisha nyumbani mapema. Mzee aliyekuwa akichagua kipande chake cha nyama kwa macho kabla ya kukifikia akasema ni wale wanawe walioenda mbali wakasahau njia. Halafu watu wakatazamana, kama wanaomtafuta mtu wa mwisho wa kulaumiwa, na sauti ya chini ikauliza mkewe alikuwa akimpikia nini siku hizi zote. Hapo nilicheka. Nilicheka matangani, mtu mzima mwenye mvi, mpaka kabeji ikamwagikia kiatu cha aliyekuwa mbele yangu, na watu wa Embu wakageuka kunitazama kwa ule upole wao ambao ni mkali kuliko tusi la Kimeru. Hawakujua kwamba sikumcheka marehemu. Nilikuwa nimemwona mbuzi wake amesimama pale katikati ya masufuria, amechorwa kwa chaki, akingoja kugawanywa.

Ili mjue mbuzi huyo ni yupi, lazima niwarudishe Makutano, Meru, mwaka uliotangulia mvua za Elnino. Wakati huo nilikuwa mtu mkubwa wa mashine ya posho. Nilisaga mahindi ya tarafa nzima kwa mashine ya mtu mwingine, iliyonguruma kiasi kwamba, nawaambia, theluji ya Mlima Kenya ilikuwa ikipukutika kwa mtikisiko wake. Kwa miaka mingi nilizungumza na wateja kwa kushindana na injini, koo langu likajijenga kama la fahali, na nikimwita mtu pale Makutano madereva wa Isiolo walifunga breki. Jioni nilijipangusa unga kwenye nyusi, nikavaa koti langu moja, nikavuka barabara kwenda shule ya jioni. Vijana wa stendi waliniita gumbaru, jina lao la kumcheka mtu mzima anayekwenda shule. Niliwaitikia vizuri kabisa. Nilikuwa na haraka ya kufika darasani, na kuitwa gumbaru hakukunichelewesha.

Darasa lenyewe mchana lilikuwa la watoto wa darasa la pili, jioni likawa letu. Madawati yalikuwa madogo hivi kwamba magoti yetu yalipakana na masikio, na Mzee Ikiara, dereva mstaafu wa malori mwenye kitambi cha heshima, alikaa upande kama mtu aliyepanda punda. Ukutani kulikuwa na picha za jogoo, kikombe na treni, kila moja na jina lake chini, na tulipochoka tulizisoma kwa sauti kujifurahisha. Karabai ilining'inia kwenye msumari ikivuma. Harufu ya chumba kile ningeijua hata leo nikifungwa macho: chaki, mafuta ya taa, jasho la watu waliotoka kazini, na ndizi mbivu. Ndizi zilikuwa za Kagwiria. Alikuwa mjane wa kutoka Mitunguu, kule chini kwenye joto na mifereji ya maji, ambaye alikuja Makutano na mikungu yake, akauza mchana kutwa, kisha akaingia darasani na zile ambazo hazikununuliwa. Siku za masomo alilala kwa binamu yake hapo mjini. Alizungumza kidogo, aliandika haraka, na alikuwa na tabia ya kumenya ndizi polepole mtu mwingine akizungumza, akaishika tu bila kuila mpaka mtu huyo amalize. Nilipokuwa nikizungumza mimi, ndizi ile ilipata kuwa nyeusi.

Kabla ya somo tulikula. Mwalimu Njeru alisema hafundishi matumbo matupu kwa sababu hujibu maswali kabla ya wenyewe. Birika la chai lilitoka hoteli ya jirani, mandazi yalitoka kwangu, Mzee Ikiara alileta githeri, mahindi na maharagwe, kwenye mkebe uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia, na mlinzi wa shule alituchomea ndizi kwenye jiko lake ili naye apate mbili. Mwalimu alikuwa Mwembu pekee kati yetu. Mchana alifundisha shule ya upili, jioni alikuja kwetu na koti lililojaa vumbi la chaki mabegani, na tulimtania kwamba watu wa kwao humwomba mbwa msamaha kabla ya kumfukuza. Yeye alisema Wameru wakishakubaliana jambo huhesabu kwanza kama panga zote zimerudi nyumbani. Nimekula katika hoteli kubwa tangu wakati ule, na harusi za watu wenye magari, lakini bado natafuta githeri iliyofikia ile ya mkebe wa Mzee Ikiara. Labda ni njaa ya wakati ule iliyoitia chumvi. Labda ni kwamba kila kijiko kilikuja na mabishano.

Mabishano yalitoka kwenye riwaya tuliyokuwa tukiisomea mtihani wa Kiswahili. Habari zake ni rahisi. Kuna fundi mwashi anayeitwa Jabiri, hodari kuliko wote mjini, ambaye hajawahi kujenga ukuta ukapinda. Mkewe Zaituni anadharauliwa na ndugu zake kwa kukaa nyumba ya makuti, na jioni moja, akiwa anapeta mchele, anamwambia mumewe kwamba watu anawajengea juu, je, wao watakaa chini mpaka lini? Hayo tu ndiyo aliyosema. Jabiri ananunua kiwanja kwa tajiri mmoja, Shamte, ambaye anajua vizuri kwamba chini ya udongo ule kuna kinamasi. Ndugu yake Jabiri anajua pia, lakini ananyamaza. Mji mzima unakuja kushangilia kila ghorofa inapopanda. Msaidizi wake anamwonyesha ufa, Jabiri anaupaka chokaa. Nyumba inaanguka siku ya sherehe, mama yake mzazi akiwa ndani, naye Jabiri anatoka mjini kwa miguu, bila viatu, na kitabu kinaishia hapo barabarani. Mzee Ikiara aliposoma ukurasa wa mwisho alivua miwani, akasema angekuwa bado na lori lake angempa yule mtu lifti.

Mwalimu alituambia kwamba mtihani ungetuuliza jambo moja tu kuhusu kitabu hicho, haidhuru litavaa nguo gani: nani wa kulaumiwa kwa kuanguka kwa shujaa huyu wa tanzia? Jioni ile ya kwanza tulibishana mpaka mlinzi akaja kuchungulia na rungu. Mzee Ikiara alisema ni Jabiri mwenyewe, kwa sababu dereva akisikia injini inagonga na akapandisha redio, ajali ni yake. Mimi nilisimama, kadiri dawati lilivyoniruhusu, nikamshtaki Zaituni. Nilisema bila maneno yale ya mwanamke Jabiri angekuwa amekaa mpaka leo kwenye makuti yake, mnene, amezungukwa na wajukuu. Nilisema neno la mke halipigi kelele, linaingia kama maji chini ya msingi. Nilisema mengi. Nilishangiliwa mpaka picha ya treni ikadondoka ukutani. Mwalimu Njeru alingoja tuchoke, akachukua chaki, akachora mbuzi ubaoni. Alikuwa mchoraji mbaya sana, mbuzi wake alifanana na meza iliyoota ndevu. Akauliza kama kwetu Meru mbuzi akichinjwa huliwa na mtu mmoja. Tukasema hapana. Akauliza kama kila kipande hakina mwenyewe. Tukasema kina, tena kwa ukali, maana kwetu kumpa mzee kipande cha kijana ni kuanzisha kesi nyingine kabla ya ile ya kwanza kuisha.

"Basi lawama ni huyu," alisema, akigonga ubao. "Mgawanye. Mtu asije hapa kuniambia amempa mmoja kichwa, mgongo, utumbo na ngozi."

Tukawa wachinjaji. Jioni baada ya jioni tulimgawanya yule mbuzi wa chaki: Shamte akapata mbavu kwa kuuza kinamasi, ndugu aliyenyamaza akapata shingo, mji ulioshangilia ukapewa utumbo na kelele zake, na Jabiri akapewa kichwa kwa sababu ndicho alichotumia vibaya. Mimi, kwa heshima zote, niliendelea kumpa Zaituni mbuzi mzima akiwa hai. Nilikuwa na kipaji, na mtu mwenye kipaji hapendi kugawa. Ndipo jioni moja Kagwiria akaweka ndizi yake chini.

"Mutembei," alisema, "mkeo akikuambia na wewe ununue mashine yako ya posho, kesho utauza nini?"

Nikamwambia siwezi kuuza kitu kwa sababu ya neno la mke.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi niko na akili."

"Na Jabiri hakuwa nayo?"

Walinicheka mpaka karabai ikayumba. Nilimjibu kwa sauti kubwa zaidi, ambayo ndiyo njia yangu ya kujibu nisipokuwa na jibu, na nikaenda nyumbani nikiamini nimeshinda. Siku chache baadaye nilikuwa kwenye ile hoteli ya jirani nikinywa chai, na wanunuzi wawili wa ndizi waliokuwa wametoka Mitunguu wakakaa nyuma yangu. Mmoja alimtaja Kagwiria. Mwingine akasema yule ndiye aliyemmaliza Murithi, mumewe. Nikaacha kutafuna ili nisikie vizuri. Murithi, walisema, alikuwa na kipande cha majani chai kule juu milimani na shamba la ndizi kule chini. Siku moja walitoka harusini na wakakosa wa kuwabeba, na mkewe akasema mbele ya watu: na sisi tutabebwa na magari ya wengine mpaka lini? Murithi akauza kile kipande cha chai, akanunua pikapu kuukuu. Injini ikafa kwenye mlima wa kwanza wenye maana. Aibu ikampeleka kwenye baa, na baa ikamweka mpaka asubuhi moja hakuamka. Sasa kaka yake, Marete, ameita wazee. Anasema mke alimwangusha ndugu yake kwa mdomo, kwa hiyo arudi kwa baba yake na lile shamba la Mitunguu lirudi kwa ukoo. Mjane ana wasichana wawili, alisema yule wa kwanza, na mgomba ndio baba yao. Mwenzake akasema, angejua kuufunga mdomo.

Niliweka kikombe chini. Maneno yale ya harusini na yale ya Zaituni yalikuwa yamezaliwa na mama mmoja, na mwezi mzima nilikuwa nimeyakanyaga mbele ya mwenyewe kwa furaha. Mtu mwingine angeacha shule. Mimi nilipanga kuingia darasani nikiwa kimya, jambo ambalo lingewashtua zaidi. Lakini Kagwiria alinisubiri mlangoni, na badala ya kunigombeza akaniambia anataka nimsemee mbele ya wazee. Kwa desturi mwanamke hasimami mwenyewe katika kikao kama kile, husemewa na mwanamume aliyemchagua. Nilimkumbusha kwamba mimi ndiye niliyemchinja Zaituni.

"Ndiyo maana nakutaka," alisema. "Wazee wa kwetu wako na desturi yao. Kabla hujajibu, unarudia kwanza vile umeshtakiwa, mpaka mwenye kushtaki akubali umesema sawa. Ukirudia vibaya umeshindwa hapo hapo. Wewe maneno yao yote unayo, hata yale hawajafikiria."

Sijawahi kusifiwa vizuri hivyo tangu nizaliwe, na nikakubali kabla hajabadilisha nia. Mwalimu Njeru aliposikia alisukuma madawati ukutani, akamweka Mzee Ikiara katikati awe baraza zima la wazee, na tukafanya mazoezi badala ya somo la ushairi. Nilirudia mashtaka ya Marete. Jioni ya kwanza niliyarudia vizuri, ya pili vizuri zaidi, na mwishowe Mzee Ikiara, ambaye alijua ni mazoezi, alimwambia Kagwiria apakie nguo zake aondoke. Kila mara Mwalimu aliniuliza: na jibu? Kila mara nilimwambia jibu litakuja lenyewe siku hiyo, kwa sababu nimesaga mahindi miaka mingi na sijawahi kuuita unga, hutoka wenyewe. Alinitazama kwa upole ule wa Kiembu. Kisha akampa Kagwiria chaki, akamwambia agawanye yeye. Kagwiria akaanza kumgawanya yule mbuzi. Alipofika kwa Zaituni nilidhani atampitia kama hamjui. Alimpa mguu mmoja wa mbele, akaandika jina lake pale wazi, akarudi kukaa.

Kikao kilifanyika asubuhi, kwenye shamba lenyewe, wazee wakiwa wameketi kwenye viti vidogo kando ya mfereji. Nilishuka Mitunguu na koti langu zito la Makutano na nikaanza kuiva. Migomba ilikuwa mikubwa, nawaambia, mkungu mmoja ungelisha shule. Upande mmoja, Marete alikuwa amekwisha kupanda miti michanga ya mpaka, kamili na samadi, kana kwamba kesi ilikuwa imeisha wiki iliyopita. Nilikuja nikimtarajia Shamte, mtu wa tumbo na pete. Nikamkuta mwanamume mwembamba mwenye macho mekundu ambaye sauti yake ilikatika alipolitaja jina la ndugu yake. Alisema hana chuki. Alisema alikuwa na ndugu mmoja tu. Alisema Murithi alikuwa mtu wa kazi mpaka siku ile ya harusi, na baada ya siku ile alikuwa mtu wa kukimbia, na mtu anayekimbizwa nyumbani kwake huishia shimoni. Wazee waliguna. Wanawake waliokaa nyuma na Kagwiria walitazama chini.

Mwenyekiti, mzee mwenye kikohozi aliyekuja na chupa yake mwenyewe ya chai, aliniashiria nirudie. Nikarudia. Jamani, nilirudia. Nilisimama kati ya migomba ile na koo langu lote la mashine ya posho, nikamtoa Murithi harusini, nikampandisha kwenye pikapu, nikamfikisha kwenye baa, nikamlaza, na kila hatua neno la mkewe lilikuwa nyuma yake kama mbwa. Nilitumia maji chini ya msingi. Nilitumia na vingine nilivyovipata pale pale. Nilipomaliza hata mbuzi aliyefungwa kwa ajili yetu alikuwa ameacha kulia, na Marete alikuwa akijifuta uso kwa kofia. Mwenyekiti akamuuliza kama nimesema sawa.

"Amesema kunishinda," Marete akajibu.

"Haya," mwenyekiti akaniambia. "Jibu."

Nikafungua mdomo. Mimi niliyefungisha malori breki, nikafungua mdomo na hakukutoka hata pumba. Tangu mwanzo nilikuwa nimefanya mazoezi ya upande mmoja, na upande huo nilikuwa nimeshaumaliza, kwa ufundi mkubwa, kwa niaba ya adui. Maji yalipita mferejini. Mtu fulani alipiga chafya. Nilimtazama Kagwiria na nikaona jinsi wasichana wake wawili, waliosimama nyuma ya migomba, walivyomshika kanga. Mwenyekiti alijimiminia chai, akanywa, akamgeukia kama desturi ilivyotaka, akamuuliza kama msemaji wake amemaliza.

Kagwiria akasimama. "Amemaliza sehemu yake," alisema. "Iliyobaki ni yangu."

Mzee mmoja alinung'unika kwamba hiyo haijawahi kufanyika. Mwenyekiti akasema ameulizwa, anajibu.

"Baba zangu," Kagwiria alisema, "yale maneno nilisema. Sikatai hata moja. Nilikuwa na mtoto mgongoni na viatu mkononi, na Murithi alicheka, akaniambia ngoja utaona. Mnigawie langu, nitabeba. Lakini nyinyi ni watu wa kugawa mbuzi, na sijaona mkimpa mtu mmoja mbuzi mzima. Yule aliyemwambia gari ni zima hajaitwa hapa. Wale walikuwa wakimnunulia pombe ndio anywe asahau, nawaona wawili. Murithi mwenyewe alikuwa mtu mzima, na nilimpenda. Nilimwambia tuuze hiyo chuma tuanze tena, akakataa kunisikia. Hiyo siku mdomo wangu haukuwa na nguvu?" Akamgeukia shemeji yake, na sauti yake ikashuka. "Na wewe, baba, ile chai ni wewe ulinunua. Siku ya kupima mlivuta kamba, Murithi alishika huku, wewe ukashika kule. Kama uliona ndugu yako anaangushwa, mbona hukuachilia kamba?"

Mwenyekiti akaifunga chupa yake ya chai. Jambo hili halikuwa siri. Kila mtu pale alijua ni nani aliyekuwa akichuma chai ile siku hizo, wengine walikuwepo siku ya kamba. Ni kwamba tu hawakuwa wamelihesabu. Marete alitazama viganja vyake.

"Nilifikiri namsaidia," akasema.

"Hata mimi," akasema Kagwiria.

Wazee walikwenda kando, wakarudi bila hotuba. Mwenyekiti alimwambia Marete kwamba miti ile ya mpaka itakauka hapo ilipo, afadhali akaipande kwake kule juu. Marete aliinuka, akaing'oa mmoja mmoja kwa mikono yake, na Kagwiria akampa gunia lenye maji la kufungia mizizi. Hayo ndiyo niliyoyaona, na wala siongezi chochote, ingawa mnanijua. Mbuzi akachinjwa, akagawanywa kwa haki, na mimi msemaji nikapewa ulimi. Kama ilikuwa heshima au kejeli sijui mpaka leo. Niliula wote.

Jioni iliyofuata nilimsimulia Mwalimu Njeru kesi nzima, na katika usimulizi wangu nilinyamaza makusudi, kwa mbinu, ili Kagwiria apate nafasi. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, Marete aliondoka vipi. Nikamwambia aliondoka na miti yake na kikombe cha chai tumboni, chai ya Kagwiria. Akachukua kitambaa, akafuta mbuzi ubaoni, masikio mwishoni, akasema sasa turudi kwenye ushairi. Mtihani ulipokuja swali lilikuwa lile lile, limevaa nguo nyingine, nami nikaandika mpaka msimamizi akaishiwa na karatasi akaenda kukopa chumba cha pili. Nilifaulu Kiswahili kwa kishindo kilichosikika Nanyuki. Hesabu tusiiguse. Zaituni katika karatasi yangu alipata mguu mmoja wa mbele.

Nimefikiri sana tangu hapo kwa nini watu hupenda lawama nzima kuliko vipande. Nadhani ni kwa sababu ukiigawanya, mwishoni kuna kipande kinachokuja kwenye sahani yako. Nilikuwa nikiwaza hayo pale Runyenjes, na kabeji kwenye kiatu cha mtu, niliposikia sauti nyuma yangu ikisema kwamba alipita langoni, akasikia kicheko, akajua nimekuja. Alikuwa Kagwiria, ana mvi kama zangu ila zimempendeza. Mzee Ikiara alitutangulia zamani, kwa hiyo darasa lilikuwa sisi wawili. Nilimnong'oneza yaliyosemwa kwenye foleni, yote manne, la mwisho likiwa lile la upishi. Hakucheka. Alitazama kule hemani, ambako mjane wa Mwalimu alikuwa ameketi na kiti kitupu kila upande, akachukua sahani mbili, akaenda akakaa kwenye kimojawapo. Niliwaona wakila. Niliona mjane akisema jambo, kisha akisema jambo refu, kisha akiegemea kiti.

Tulipokuwa tukiondoka nilimuuliza alimwambia nini. Alisema alimwambia achukue kipande chake tu, vingine awaachie wenyewe. Tukafika barabarani, na pale kwenye matope kulikuwa na pikapu ya buluu, nyuma yake majani makavu ya migomba, maana ndizi zote zilizopikwa matangani zilikuwa zimetoka Mitunguu. Kagwiria akatoa funguo kwenye mkoba. Akaingia upande wa usukani, akasogeza kiti mbele, akaniambia nipande, ananipitisha Makutano. Nikapanda. Na kwa kuwa tulikuwa tumetoka kumzika mwalimu wetu, nilimuuliza kwa sauti ya heshima, baada ya miaka yote hii, kwa kweli kabisa, nani aliyemwangusha Jabiri.

"Mutembei," alisema, akiwasha injini, "funga huo mlango vizuri. Ukifunguka kwenye kona utamlaumu nani?"

Nikaufunga kwa mikono miwili.